Kilo Mbili Kila Mguu

Kocha alikuwa hawezi kupita mbele ya duka la vifaa vya michezo bila kugombana na mtu. Mtaa wa Kongo mzima, pale Kariakoo, walimjua. Anaingia, hasalimii, anachomoa kizibao cha uzito kilichotundikwa mlangoni, vile wanavyovaa watu kifuani na mgongoni wakati wa mazoezi, anakinyanyua mara mbili kwa mkono mmoja, kisha anauliza, "Hiki mmeandika kilo kumi. Nani kapima?"

Muuzaji anacheka. "Mzee, hiyo imetoka kiwandani hivyo hivyo."

"Kiwanda kiko wapi? Kiiteni kije hapa."

Na kabla muuzaji hajajibu, Kocha ameshatoka nacho nje. Siku ya kwanza kumwona, ndivyo nilivyomwona: mzee mfupi, shingo nene, anakata katikati ya watu na kizibao cheusi begani, nyuma yake kijana wa dukani anakimbia akipiga kelele za mwizi. Kocha hakwenda mbali. Alikwenda kwa mama mmoja muuza viazi, akaweka kizibao juu ya mizani yake. Watu wakajaa. Kilo saba na robo.

"Saba!" Kocha alipaza sauti kama anaita abiria. "Wameandika kumi, ni saba! Mtu ananunua, anajidanganya amefika kumi, kesho anabeba kumi ya kweli anavunjika mgongo! Nyie ni wauaji!"

Niliwacheka wale wauzaji. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nakaa Buguruni chumba kimoja na mama na wadogo zangu, na nilikuwa nakimbia kila asubuhi peke yangu kwa sababu hakuna aliyeniambia kuna kundi. Mama muuza viazi akaniambia mzee anafundisha kundi la wakimbiaji, nikamfuata, nikamwomba anifundishe. Aliniangalia miguu, hakuniangalia uso. Akasema, "Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, viwanja vya Jangwani. Ukichelewa, rudi nyumbani."

Sikuwahi kujua kwao ni wapi wala alizaliwa lini. Nilichojua ni kwamba kwa miaka mingi alikuwa kuli hapo Kariakoo, anashusha magunia kwenye malori. Mwili wake ulikuwa umebaki na ile kazi. Bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, na alipotembea bila mzigo alitembea vibaya, kama mtu aliyesahau kitu. Alisema alijifunza uzito kwa kuumia. Mwenzake mmoja alibebeshwa lumbesa, gunia lililoongezwa juu mpaka likafunga kilemba, akaambiwa ni la kawaida. Akaanguka nalo, hakuinuka tena kwa miguu yake. Kocha alituhadithia hilo mara moja tu, kisha akatufukuza tukakimbie.

Ndiyo maana alichukia maandishi ya uongo juu ya mizigo. Hilo nililielewa. Nalielewa mpaka leo, na ndilo linalonichoma zaidi.

Kuchagua kizibao kwake haikuwa jambo la dakika tano. Kwanza unakivaa, unaruka mara ishirini. Kikipigapiga mgongoni, hapana. Kisha anapitisha vidole viwili chini ya mkanda wa bega. Vidole vikikataa kuingia, hapana, vikiingia vitatu, hapana. Anakitikisa sikioni kusikiliza kama mchanga unahama ndani, maana mchanga ukihama upande mmoja na uti wa mgongo nao unahama. Anavuta mishono kwa kucha. Alipenda vile vyenye mifuko midogo midogo unayoweza kuongeza au kupunguza, akasema kizibao kisichopungua ni cha mtu asiyechoka, na mtu huyo hajamwona.

"Anza na kidogo mpaka uone haya," alituambia. Kweli tuliona haya. Mwanamume wa kifua kama kabati alianzishiwa kilo tatu, akacheka, akasema hata mtoto wake ana uzito zaidi. Kocha akamwambia azunguke uwanja mara nne, halafu waongee. Aliporudi alikivua mwenyewe, akaomba cha kilo mbili.

Sisi wanawake tulikuwa na shida yetu. Vile vizibao vilitengenezwa kwa vifua vya wanaume, vinatubana, vinatuchubua. Wengine tulikuwa tunavaa tunanyamaza. Kocha akagundua, sijui aligunduaje, labda alituona tunavyopumua. Akatupeleka wanne kwa fundi cherehani mmoja wa kike pale mtaa wa pili, akamwambia, "Hawa wapanulie, wewe unajua wapi." Halafu akageuka, akaipa cherehani mgongo, akasimama hivyo saa nzima anatazama ukuta, masikio yamemwiva. Tulicheka hadi machozi. Njiani kurudi aliwatukana waendesha bodaboda watatu, tukajua anajaribu kusahau.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Anaweza kukutolea maneno mbele ya watu hamsini kwa sababu hukufunga kamba za viatu, na jioni unasikia amepanda mpaka kwenu kuuliza kama homa imepungua. Mama yangu alimpenda. Alisema, "Yule ana hasira za baba." Mimi sikuwa na baba wa kulinganisha, nikakubali.

Na kulikuwa na kitu kimoja ambacho kwa Kocha kilikuwa haramu kabisa. Mikanda ya uzito ya miguuni. Ile unafunga kwenye vifundo, inanata, ina chenga za chuma ndani. Alisema hiyo ni ya mtu aliyelala au aliyekaa, mgonjwa anayefundisha mguu wake upya kunyanyuka. "Anayekimbia mwachieni miguu yake," alisema. "Mguu ukitupwa na uzito, goti ndilo linaloudaka." Alisema hivyo karibu kila Jumamosi. Mtu akija nayo, anavuliwa mbele ya wote. Mikanda ilikuwa inarushwa kwenye majani, mwenyewe anaenda kuitafuta.

Nataka hilo likae vizuri kichwani mwa anayesoma. Kila mtu alijua Kocha haruhusu mikanda ya miguuni. Kila mtu.

Mwaka wangu wa tatu kwenye kundi, timu moja iliyokuwa inaajiri wakimbiaji ilinichukua. Ilikuwa kazi ya kweli, mshahara, bima, chumba, na kukimbia ndiyo kazi yenyewe. Niliambiwa niripoti baada ya wiki tatu. Mama alilia, akaanza kugawa vyombo kabla hata sijaondoka. Kocha hakulia. Alinipa mkono kwa mara ya kwanza, mkono mgumu kama mbao, akasema, "Usininenepee huko."

Wiki hiyo hiyo, mwenye duka kubwa la vifaa, duka la mtaa wa Msimbazi, alileta shehena ya mikanda ya miguuni. Alitaka kupiga video ya matangazo. Akamwambia Kocha: nipe mkimbiaji wako bora, nami nitalipa kundi lako vizibao thelathini. Sisi tulikuwa na vizibao sita, watu arobaini na kitu. Tulikuwa tunavuliana vimelowa jasho la mwingine, wengine wamepata vipele shingoni. Kocha alikuwa ameomba kila mahali, amekataliwa kila mahali. Thelathini.

Nayaeleza haya ili nisiseme uongo juu yake. Hakuchukua kitu cha kuweka mfukoni. Alivitaka kwa ajili yetu.

Tulikwenda asubuhi kwenye ghorofa la yule mwenye duka, lilikuwa bado linamaliziwa, ngazi za zege tupu. Mpiga picha alitaka nipande mbio ghorofa tatu na nishuke mbio. Nilipoona mikanda nikamtazama Kocha.

"Kocha, si ulisema..."

"Najua nilichosema."

"Kilo ngapi hizi?"

Alinyanyua mmoja mkononi. Hakuhitaji mizani. "Mbili."

"Kila mguu?"

"Mara moja tu, Zuhura. Panda, shuka, tumemaliza. Watu wasubiri vizibao kwa sababu yako?"

Akapiga magoti mwenyewe. Akanifunga wa kulia, akanifunga wa kushoto, akavuta mpaka ukanibana. Nakumbuka utosi wake ulivyokuwa na mvi chache na vumbi la simenti.

Haikuwa mara moja. Mara ya kwanza mwanga haukuwa mzuri. Mara ya pili kuna mtu alipita nyuma. Niliposhuka mara ya nne, miguu ilikuwa imeshachoka, wa kulia ukatangulia kuliko nilivyotaka. Ulitupwa, kama alivyokuwa anasema. Goti likazunguka mwili ukiwa umebaki. Nilisikia mlio ndani yangu, kama unapochana kitambaa kikavu, halafu nikawa chini kwenye ngazi na mpiga picha anauliza kama kamera ilikuwa inachukua.

Kano za goti zilichanika. Hospitali wakasema upasuaji, na baada ya upasuaji mwaka wa kujifunza kutembea. Hilo ningeweza kulibeba. Watu wa ile timu wenyewe walisema wanariadha wanaumia, wanaweza kunisubiri. Walimtuma afisa wao kuuliza ilikuwaje, aandike taarifa. Alikuja Jumamosi viwanjani, kundi lote lipo. Mimi nilikuwa nimeletwa na mama kwa bajaji, nimesimama kwa magongo.

Afisa akamuuliza Kocha, "Ilitokeaje?"

Mwenye duka alikuwa amesimama pembeni. Vizibao vilikuwa havijaletwa bado. Kocha alinitazama mara moja. Kisha akasema, "Nilimkataza. Alivaa mwenyewe."

Nilidhani sikusikia.

"Alivaa mwenyewe," akarudia, kwa sauti ile ile ya kwenye mizani ya viazi. "Nyie wote mnajua mimi na mikanda ya miguuni."

Na wote walijua. Nilipiga kelele. Nilisema alinifunga kwa mikono yake, nikasema alipiga magoti, nikamwambia mwenye duka atoe video. Akasema ilifutika. Nikawageukia wenzangu, watu niliovuliana nao vizibao vya jasho, wakaangalia chini. Wangeniaminije? Kwa miaka yote walikuwa wamemwona akirusha mikanda majanini. Afisa aliandika sentensi moja, akafunga daftari. Baadaye wakanijibu kwa simu: aliyeumia tunamsubiri, mkaidi hatumhitaji.

Vizibao thelathini vilikuja mwezi uliofuata. Nilikuwa nimekaa kibarazani Buguruni, mguu juu ya stuli, nikaliona kundi linapita barabarani wanaimba, kila mtu na cheusi chake kipya. Mama alinyanyuka, akafunga mlango.

Kocha hakuja kuuliza kuhusu homa. Hakuja kabisa.

Watu wananiambia nisamehe. Shangazi, shekhe, hata mtu baki mmoja niliyemhadithia kwa bahati mbaya. Wanasema ilikuwa ajali. Goti lilikuwa ajali, sikatai. Lakini ule mdomo haukuteleza kwenye ngazi. Alikuwa na muda wa kunitazama, akanitazama, akachagua.

Na kinachonikera kuliko vyote ni kwamba sina maneno mengine zaidi ya yake. Nilipoweza kusimama nilitafuta kazi, na kazi niliyopata ilikuwa kuuza vifaa vya mazoezi, hapo hapo Kariakoo, kwa sababu hakuna muuzaji mwingine aliyejua nilichojua. Mteja anakuja anataka kizibao cha kilo kumi na tano kwa kuwa ameona kwenye simu. Namwambia aruke mara ishirini. Napitisha vidole viwili chini ya mkanda wa bega. Natikisa sikioni. Anza na kidogo mpaka uone haya. Najisikia nikiongea kwa sauti yake na natamani kuitema. Lakini nitasema nini? Kwamba alikosea? Hakukosea hata neno moja, isipokuwa yale matatu aliyonisemea mimi.

Ukiondoa ule mwaka wa magongo, nimeuza hivyo miaka sita.

Mwaka huu, baada ya mvua za masika, aliingia dukani asubuhi, ameshikwa mkono na binti yake. Sikumtambua mpaka alipoangalia kizibao kilichotundikwa. Kiharusi kilikuwa kimempitia. Mdomo umevutwa kidogo upande mmoja, mguu wa kulia anaukokota. Lile bega la chini lilikuwa limeshuka zaidi.

Mzee wa umri ule, hata adui yako, unamwamkia. Mimi sikumwamkia.

"Dada, habari za kazi," binti akasema. Hakunijua. "Hospitali wamesema baba afanye mazoezi ya mguu. Tunataka mikanda ya uzito ya miguuni."

Kocha alikuwa ameshanitambua. Nilimwona anavyotafuta pa kuweka macho.

"Ya kilo ngapi?" nikauliza.

"Moja," alisema yeye, kwa tabu. "Naweza moja."

"Huwezi." Nikachukua ya nusu kilo, nikaizunguka kaunta, nikapiga magoti mbele yake, goti langu baya likalia kama kawaida. Nikamfunga. "Nyanyua."

Alinyanyua. Mguu ulitetemeka, ukafika nusu, ukaanguka.

"Hata hii ni nyingi," nikasema. "Kafanye bila kitu wiki mbili."

Binti akafurahi. "Unaona baba? Dada anajua. Umejifunzia wapi, dada?"

Sikupanga. Nilikuwa bado chini, nimeshika kifundo chake. "Kwa baba yako," nikasema. "Mimi ndiye Zuhura."

Uso wa binti ukabadilika, na nikajua kwamba jina langu lilikuwa linatajwa nyumbani kwao. "Yule... aliyekatazwa mikanda akaivaa?"

Miaka saba, na uongo ule ulikuwa umekula nao sahani moja.

"Muulize nani alinifunga," nikamwambia.

Binti akamgeukia. Wateja wawili walikuwa wamesimama na mipira mkononi. Kocha aliitazama mikono yangu kwenye kifundo chake. Kisha akasema, polepole, kila neno peke yake, "Nilimfunga mimi."

Nilikuwa nimejiahidi kwamba nikiyasikia hayo nitapoa. Sikupoa. Nilipandwa na hasira, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Maneno mawili. Alikuwa nayo siku zote.

"Usiniambie mimi," nikasema. "Mimi nilikuwepo. Kawaambie kule ulikosema."

"Zuhura, mwili huu..."

"Ulimi unafanya kazi. Jumamosi, saa kumi na mbili. Ukichelewa, rudi nyumbani."

Alikuja. Nilikuwa nimefika mapema nimesimama nyuma, nimejifunga mtandio. Kundi limekua, ni watu zaidi ya mia sasa, kocha mwingine, muziki wa spika. Wale wa zamani hawakufika hata sita. Wakazima muziki, wakampa mzee kipaza sauti, na yeye akasema. Alisema yote. Vizibao thelathini, ghorofa, kilo mbili kila mguu, alivyopiga magoti, alivyonitazama na kudanganya. Sauti ilikuwa inavutika, mate yanamtoka, binti anamfuta, naye anaendelea. Alisema jina langu lote, la baba na la babu.

Alipomaliza wakampigia makofi.

Makofi na vigelegele. Mtu akapaza sauti, "Kocha mkongwe, oyeee!" Vijana wale hawakunijua. Walidhani mzee anawapa mawaidha. Wengine walikuwa wanamrekodi. Mwenye spika akaweka mkono kwenye kitufe cha muziki.

Kocha alisimama pale anatikisa kichwa, hapana, hapana, hakuna anayemwangalia tena.

Basi nilipita katikati yao. Nilimnyang'anya kipaza sauti, sikukiomba. Nilipandisha suruali mguu wa kulia mpaka juu ya goti, nikageuka taratibu ili wa kila upande waone kovu lilivyopanda na paja lilivyokonda kuliko lile jingine.

"Mimi ndiye Zuhura," nikasema. "Na alichosema si hotuba."

Makofi yalikufa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilisikia magari ya barabarani. Nilikuwa na maneno mengi, nimeyapanga miaka saba, lakini nilipoangalia mbele nikaona msichana mmoja wa kama miaka kumi na tisa, safu ya kwanza, mikanda myeusi kwenye vifundo vyote viwili. Alikuwa anatazama goti langu. Akainama bila kuambiwa na mtu, akavuta mkanda wa kwanza, mlio wa kunatuka ukasikika uwanja mzima, kisha akavuta wa pili.